Maswali ya Wasomaji: Idris Elba, Muziki wa Arusi na Kamera

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Tangu nimalize shule namsaidia ami yangu kazi ya muziki wa arusini: tunafunga spika kwa turubali, tunampakia punda, kisha tunapita vichochoroni tukichunga pembe za kuta mpaka penye shughuli. Siku nyingine jioni huwa kwenye mazoezi ya kikundi chetu cha maigizo, na ami hukasirika, akisema mshika mbili moja humponyoka. Rafiki yangu ananiambia kwamba Idris Elba, mwigizaji Mwingereza, naye alianzia arusini. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, muziki aliuacha lini?

JIBU: Waalaykum salaam. Rafiki yako amesema kweli, isipokuwa kwamba muziki hakuuacha hata leo.

Idrissa Akuna Elba alizaliwa tarehe 6 Septemba 1972 huko Hackney, mashariki mwa London, akiwa mtoto wa pekee wa baba aliyetoka Sierra Leone na mama aliyetoka Ghana. Mnamo 1986, angali mwanafunzi, alianza kumsaidia mjomba wake aliyekuwa akipiga muziki katika arusi, na haukupita mwaka kabla hajaanzisha shughuli yake mwenyewe pamoja na rafiki zake. Nadhani hapo ndipo alipopata somo ambalo chuo hakingempa, kwa sababu anayepiga muziki arusini anahudumia watu ambao hawakuja kwa ajili yake: wapo wazee wanaotaka sauti ipunguzwe na vijana wanaotaka iongezwe, na yeye sharti awapime wote kwa macho kabla ya kuchagua wimbo unaofuata.

Uigizaji ulimjia shuleni, na mlango ulifunguka alipopata nafasi katika National Youth Music Theatre, kikundi cha vijana cha maigizo ya muziki, kwa msaada wa pauni 1,500 kutoka Prince's Trust, taasisi iliyoanzishwa na Mfalme Charles alipokuwa bado mwana wa mfalme. Tanbihi ndogo kwa ami yako: hata hicho kikundi kilichomtoa kilikuwa cha kuigiza na kuimba kwa pamoja. Baada ya hapo mambo hayakwenda haraka. Alifanya kazi za kubahatisha, zikiwamo zamu za usiku katika kiwanda cha magari cha Ford kule Dagenham, ambako baba yake pia alikuwa mfanyakazi, na usiku mwingine alipiga muziki katika vilabu kwa jina la Big Driis. Miaka ya tisini alipata nafasi kadhaa katika tamthilia za televisheni ya Uingereza, kisha akahamia New York, na huko nako ilimlazimu kusimama mlangoni mwa klabu ya vichekesho na kupiga muziki ili mkono uende kinywani.

Mwaka 2002 ndipo alipotokea katika The Wire, tamthilia ya HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, kuhusu biashara ya dawa za kulevya katika jiji la Baltimore, akiwa Stringer Bell. Lafudhi yake ya Kimarekani ilikaa sawasawa hata watazamaji wengi hawakujua kwamba ni Mwingereza. Iko sehemu moja katika msimu wa tatu ambayo sichoki kuitazama: Stringer anaongoza mkutano wa wauza dawa kwa kanuni za vikao, kila mtu akiomba ruhusa ya kusema, mara anamwona kijana mmoja akiandika kumbukumbu za kikao. Anamrukia kwa hasira, kwa kuwa hakuna mhalifu mwenye akili anayejiandikia ushahidi. Elba anaibeba sehemu hiyo kwa mabega na macho kuliko kwa maneno.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Tamthilia ya Luther ya BBC, iliyoanza 2010, ilimpa tuzo ya Golden Globe mwaka 2012. Mwaka 2013 aliigiza kama Nelson Mandela, na usiku ule ule wa tarehe 5 Desemba filamu hiyo ilipokuwa ikizinduliwa London, Mandela akafariki dunia. Baba yake Elba naye alifariki mwaka huo. Kutokana na huzuni hiyo Elba alirudi Afrika Kusini kurekodi na wanamuziki wa huko, na mwaka 2014 akatoa albamu iitwayo Mi Mandela. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake ya muziki yenye uzito, kwa maana ina jambo la kusema, ilhali nyimbo zake nyingine ni za kuchezesha watu tu, jambo ambalo pia lina mahali pake. Mwaka 2018 alipiga muziki katika sherehe ya arusi ya Mwanamfalme Harry, na mwaka 2019 alikuwa jukwaani katika tamasha la Coachella kule Marekani.

Basi methali ya ami yako nisiikatae moja kwa moja. Muziki wa Elba peke yake usingemfikisha alipo, na sidhani kwamba yeye mwenyewe angebisha. Lakini tazama mpangilio wake: katika miaka ya shida muziki ndio uliolisha uigizaji, na baada ya 2002 uigizaji ukaulisha muziki. Hakuzishika mbili kwa nguvu zilezile kwa wakati mmoja. Wewe kwa sasa una spika zinazokulisha, kwa hiyo zungumza na ami yako mapema kuhusu siku za mazoezi, asije akakukosa siku ya kesha.

SWALI: Mhariri, niko Malindi. Nimesikia kwamba Elba amepewa ardhi Zanzibar. Ni uvumi?

JIBU: Si uvumi. Mwezi wa Agosti 2024 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kumtengea karibu hekta 80 ili ajenge studio ya filamu, na Oktoba mwaka huo aliiambia BBC kwamba anakusudia kuhamia Afrika katika miaka ijayo. Kabla ya hapo, mwaka 2019, alikwenda Sierra Leone kwa mara ya kwanza na kupewa uraia wa nchi ya baba yake. Kutangaziwa ardhi na kusimamisha jengo ni mambo mawili, kwa hiyo anayetafuta kazi ya studio asifunge mizigo bado.

SWALI: Nikitaka kumtazama Elba, nianze na kazi yake ipi?

JIBU: Anza na The Wire, kisha Beasts of No Nation ya 2015, iliyopigwa Ghana, ambamo yeye ni kamanda wa askari watoto. Zote mbili zitazame watoto wakishalala.