Barua ya mwenye shamba haitoshi kuombea leseni ya vito

Ndugu, umeuliza kama barua ya mwenye shamba inatosha kuombea leseni ya kuchimba vito. Haitoshi. Katika nchi nyingi madini ni mali ya serikali hata shamba likiwa la mtu. Barua hiyo inakuruhusu kuingia kwenye ardhi tu.

Anza na viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, vya pembe za eneo unaloombea. Nimeona ombi likikataliwa kwa kuwa tarakimu mbili zilipishana nafasi, pembe moja ikaangukia kwenye leseni ya jirani. Vilinganishe na ramani ya leseni kabla hujalipa ada. Nakala yako ya ombi igongwe muhuri wa tarehe na saa, maana mara nyingi aliyetangulia ndiye hupewa. Kama una mbia, usisaini chochote kabla wakili wa madini hajakisoma.