Maswali Yenu: Ramani mbili, ziwa moja

SWALI: Sisi ni kamati ya wavuvi wa Ziwa Jipe, upande wa Mwanga, Tanzania. Wenzetu wa Taveta, Kenya, wametuletea ramani ya mazalia ya samaki. Tukiiweka juu ya yetu, ufuko unapishana karibu mita 300. Nani kakosea?

JIBU: Huenda hakuna. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali duniani. GPS na simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Huenda ramani zenu moja inatumia ule, nyingine huu. Pengo kati ya mifumo hiyo huku kwetu ndilo hilo, takribani mita 300. Katika QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ipe ramani ya zamani namba EPSG:21037 (namba ya Arc 1960 kwa eneo hili), kisha ihifadhi upya kama EPSG:32737 (ya WGS 84). Wengi hubandika namba mpya bila kuhifadhi upya, na hapo hakuna kinachosogea. Hakikisheni kwa kupima pointi nne zisizohama, mbili kila upande: kona ya jengo, njia panda. Ufuko haufai, maana maji hupanda na kushuka na magugu huuficha.

Kila eneo la mazalia liandikiwe tarehe ya kupimwa na majina yake ya pande zote mbili. Mstari wa mpaka msiuchore wenyewe. Chukueni wa serikali, la sivyo kikao cha samaki kitageuka cha ardhi.