Mbona picha zimefunikwa? Maswali yenu kuhusu msimu wa ukumbi huru

Ukumbi mdogo wa sanaa ukishabandika ratiba ya msimu mlangoni, barua zenu huja kwa mafungu. Kumbi za aina hii nimezifanyia kazi miaka mingi, kwanza nikibeba viti, baadaye nikipanga ratiba, kwa hiyo najibu kwa niaba ya wenzangu ambao saa hizi wako juu ya ngazi wakifunga taa.

Nilikwenda Jumanne kuangalia maonyesho ya picha, nikakuta ukuta mzima umefunikwa shuka jeusi. Kijana wa mlangoni akaniambia nirudi Alhamisi. Kama maonyesho ni ya wiki sita, mbona yanafungwa katikati? (Mpenda Rangi)

Siku hiyo wenye mchezo wa kuigiza walikuwa wanaingiza taa zao. Ukumbi wa namna hiyo una wapangaji wawili wasiopatana. Picha inataka mwanga wa upole, kimya na wiki nyingi. Mchezo unataka giza, kelele na saa moja na nusu. Ratiba unayoiona mlangoni ni mapatano kati ya hao wawili, na kila baada ya wiki mbili mmoja wao analalamika.

Chukua mwanga peke yake. Kazi za karatasi na rangi za maji huwekewa mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), hafifu kiasi kwamba ukitoka juani unasimama kwanza hadi macho yazoee. Rangi za mafuta huvumilia hadi 200. Na madhara ya mwanga hujumlishwa: saa moja kwenye laksi 500 inaila rangi sawa na saa kumi kwenye laksi 50, na rangi iliyokwisha kupauka hairudi hata uifungie kabatini mwaka mzima. Sasa elekeza taa za jukwaani upande huo, halafu washa mashine ya moshi ili miale ionekane vizuri. Wakati mmoja, baada ya wiki ya mchezo wenye moshi mwingi, nilipitisha kitambaa cheupe juu ya fremu moja. Kilitoka na mstari wa kijivu, unateleza vidoleni kama mafuta ya cherehani. Tangu siku hiyo shuka jeusi sina ugomvi nalo.

Lawama yako nyingine naikubali yote. Siku za kufunga ziandikwe kwenye ratiba, kwa herufi zinazosomeka, si kwa mdomo wa kijana wa mlangoni.

Na kwa nini mchezo unaonyeshwa siku kumi tu? Nikisikia kwamba ni mzuri, umeshaondoka. (Mama wa Watatu)

Hesabu, mama. Picha ikishatundikwa haidai posho ya jioni. Mchezo wa waigizaji wanne tu unahitaji pia fundi taa, fundi sauti, msimamizi wa jukwaa, mtu wa maleba na mtu wa tiketi, kila usiku, hata wakija watazamaji kumi na mmoja. Na kiti ambacho hakikuuzwa leo huwezi kukiweka ukakiuza kesho. Ukumbi wa viti 80 ukikaa nusu tupu kwa siku tatu, faida ya wiki imekwenda.

Lakini umegusa kidonda chenyewe. Sifa za mchezo husambaa kwa mdomo, na mdomo unahitaji karibu wiki nzima. Kwa hiyo michezo mingi hufungwa siku ileile watu wanapoanza kuiulizia. Ushauri wangu: nenda usiku wa tatu au wa nne. Usiku wa ufunguzi uache, ukumbi umejaa shangazi na wajomba wa waigizaji, wanacheka hata mahali ambapo hakuna mzaha.

Kile kidoti chekundu kando ya picha maana yake nini? (Mgeni)

Imeuzwa. Kikiwa nusu, mara nyingi kuna mtu ameomba awekewe. Pasipo bei usiogope kuuliza, karatasi ya bei iko mezani. Ujue pia kwamba sehemu ya fedha hizo, pengine hadi nusu, hubaki kwa ukumbi.

Mnajiita kumbi “huru”, lakini chini ya bango naona nembo tano za wafadhili. Huru kwa nani? (Msomaji Mwenye Mashaka)

Swali lako ndilo limenifanya nichelewe kuwasilisha safu hii.

Tuanze na wakongwe. Tarehe 15 Aprili 1874, wachoraji wapatao thelathini, wakiwemo Monet, Degas, Renoir na Berthe Morisot, walifungua maonyesho yao jijini Paris katika studio iliyokuwa ya mpiga picha Nadar, bila kupitia majaji wa maonyesho rasmi. Mimi hupenda zaidi saa zao za kazi: mchana, halafu tena kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, ili mtu aliyetoka kazini naye apate kuingia. Sanaa ilikuwa huru kweli, lakini fedha hazikuwepo. Desemba mwaka huohuo chama chao kilivunjwa, kila mwanachama akidaiwa faranga 184 na ushei.

Mwaka 1887, hapohapo Paris, karani wa kampuni ya gesi aliyeitwa André Antoine alianzisha jukwaa lake, Théâtre Libre. Samani za onyesho la kwanza alizitoa chumba cha kulia cha mama yake, akazisukuma kwa mkokoteni hadi ukumbini. Watazamaji wake walikuwa wanachama waliolipa mapema, na kwa kuwa onyesho lilihesabika la faragha, mkono wa udhibiti wa serikali haukulifikia. Naye pia aliishia kwenye madeni.

Kwa hiyo nembo tano peke yake hazinitishi. Mimi huuliza: ratiba inapitishwa na nani? Mfadhili akilipia taa na paa lisivuje, hewala. Akianza kuomba asomewe mswada kabla ya mazoezi, uhuru umeshaingia mnadani. Dalili nyingine unaweza kuiona ukiwa nje: pitia misimu mitatu iliyopita, utafute kazi moja iliyomkera mtu mwenye cheo. Usipoipata, mashaka yako yana msingi.

Nina mchezo nimeuandika. Nawapelekeaje? (Kalamu Changa)

Mapema. Ratiba nyingi hufungwa miezi sita au zaidi kabla ya msimu. Peleka kurasa kumi za mwanzo, muhtasari usiozidi ukurasa mmoja, idadi ya waigizaji, na jambo ambalo waandishi wengi husahau: mandhari yako ya jukwaani inavunjwa kwa dakika ngapi? Mahali ambapo asubuhi kuna watu wanaotazama picha, ngazi ya mbao ya ghorofa mbili inakuangusha hata kama maneno ni dhahabu. Meza moja, viti viwili na mlango unaosimama wenyewe, hapo tunazungumza.

Nikichelewa dakika tano nitaruhusiwa? (asiye na jina)

Kwenye picha, hata saa tano. Kwenye mchezo, huenda mlango wenyewe unafungukia jukwaani.

Usiku nikipita dirishani naona balbu moja inawaka katikati ya jukwaa tupu. Ni mambo ya mizimu? (Jirani)

Wapo wanaosema ni ya mizimu, wacheze wakishaondoka binadamu. Kazi yake ya kila siku ni kwamba wa mwisho kutoka na wa kwanza kuingia wasianguke, maana ukingo wa jukwaa gizani hauonekani kabisa. Mtu wa maonyesho naye hupita kabla ya kufunga, akaisogeza balbu hatua mbili mbali na picha zake, na yeye akishaondoka, fundi jukwaa huirudisha palepale.

Nikiwa mgeni katika kazi hii niliizima usiku mmoja, nikiona nabana umeme. Asubuhi fundi jukwaa hakunigombeza. Alipandisha suruali tu, akanionyesha ugoko wake.