Kabla Hujaandika Kwamba Gesi Haipo

Wiki jana dada mmoja anayesoma fizikia aliniandikia: "Nataka kuchunguza nebula za sayari kwa mawimbi ya redio, lakini niko Nairobi na sina darubini. Nianzie wapi?" Nebula za sayari ni mawingu ya gesi na vumbi yanayotupwa na nyota inayokufa. Ni swali nililowahi kuuliza mimi mwenyewe, nikakosa wa kunijibu.

Dada, anzia kwenye hazina ya data ya ALMA, darubini ya redio yenye antena nyingi. Antena zake 66 ziko jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 hivi juu ya bahari. Aliyeomba vipimo kwa kawaida hukaa navyo mwaka mmoja, kisha vinafunguliwa kwa wote. Vyangu nilivishusha nikiwa Zimmerman, mtaa wa Nairobi, kwa bando la usiku, simu nimeiegemeza dirishani ishike mtandao.

Nilichagua NGC 6302, nebula iitwayo Kipepeo, katika kundinyota la Nge. Kwa mwanga wa kawaida unaona mabawa tu. Nyota iliyoyatoa imezibwa na mkanda wa vumbi, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ameiona. Lakini mawimbi ya milimita hupenya vumbi. Kaboni monoksidi ya mkanda huo hutoa mawimbi ya gigahezi 230.5, yaani milimita 1.3, na yanavyosogea kidogo juu au chini ndivyo unavyojua gesi inakuja au inakwenda. Usiku mkanda ulipojitokeza kwenye skrini, buluu upande unaokuja, nyekundu upande unaokwenda, nililia.

Kisha nikaharibu. Kandokando ya mkanda picha ilikuwa na sehemu za giza, kama mashimo. Nikaandika kurasa mbili kwamba gesi imefagiliwa. Mbele ya jopo la kutetea tasnifu, mwalimu mmoja aliweka kidole kwenye shimo akauliza, "Hapa mng'ao uko chini ya sifuri. Inawezekanaje?" Sikuwa na jibu. Tasnifu ikarudishwa, mwaka ukaenda. Bado inaniuma, kwa sababu msimamizi wangu aliisoma rasimu yote akanyamaza.

Antena hizi hupima zikiwa jozi. Jozi zilizoachana mbali hunasa vitu vidogo na kupoteza kilichotandaa, na hapo picha huweka mashimo yaliyo chini ya sifuri. Ndiyo maana ALMA ina antena 12 za mita 7 zilizobanana, na nne za mita 12 ambazo kila moja hupima peke yake. Mimi nilikuwa nimeshusha data ya kundi kubwa tu, zile antena 50 zilizobaki.

Basi ukipata picha, jumlisha mng'ao wote, ulinganishe na kipimo cha sahani moja, yaani antena inayopima peke yake. Ukikuta wako ni nusu, gesi ipo, ni wewe uliyeikosa. Linganisha kabla ya kuandika sentensi hata moja. Linganisha hata kama msimamizi amekwambia uko sawa. Sisi vijana tunaharakisha kutangaza, na anga haina haraka nasi. Heshimu kipimo kuliko picha!

Mwezi uliopita nilirudi mbele ya jopo lile lile na data za makundi yote matatu. Mashimo yalikuwa yamejaa, na walinipitisha. Niandikie tena nikutumie programu niliyounganishia data, na zile kurasa mbili. Sijazifuta.