Soketi nne, waya mbili: "inawaka" si kusema iko sawa

SWALI: Fundi habari. Niko Manyatta hapa Kisumu, nyumba ya kupanga, sebule yote iko na soketi moja tu ukutani. Nataka kujitengenezea ekstensheni. Nimenunua soketi dabo mbili na boksi zake za plastiki, plagi ya 13, na mita 4 za ile kebo bapa iko na waya mbili ndani. Nauliza hizo soketi naziunga series ama parallel? Na fyuzi nitie ya ngapi? Nitatumia TV, dekoda, chaji za simu, pasi na birika ya stima. Mwenye duka aliniambia waya mbili zinatosha, ati jirani yake anatumia hivyo na inawaka vizuri.

JIBU: Parallel, dada. Laivu, waya inayoleta stima, inatoka kwa plagi inaingia L ya soketi ya kwanza, hapo kipande kingine kinavuka hadi L ya soketi ya pili, nyutro, ile ya kurudisha stima, hivyo hivyo N kwa N, na athi, waya ya usalama, hivyo hivyo E kwa E. Fyuzi ya 13. Kaza skrubu mpaka ukivuta waya isitoke, na usiache unyuzi wa shaba ukichungulia nje. Sehemu hiyo imeisha.

Sasa hiyo athi utaitoa wapi na kebo yako ina waya mbili?

Haya maneno ya "inawaka vizuri" nayasikia kila mahali, Kondele, Nyalenda, hata nikienda kazi Nakuru, na yanaudhi kuliko kitu kingine chochote kwa hii kazi. Kitu kikishapata laivu na nyutro kitawaka, basi. Ukigeuza laivu iende kwa N, itawaka. Ukitumia waya nyembamba, siku ya kwanza itawaka. Ukitoa fyuzi uweke kipande cha waya ama msumari, itawaka, tena haitazima hata wakati inafaa kuzima. Makosa yote mabaya yanawaka! Kwa hivyo mtu akikuambia amejaribu ikawaka, hajapima chochote.

Chukua hiyo pasi yako. Chini ni chuma, ndani laivu inapita. Waya ya pasi inakunjwa kila siku pale inaingilia kwa mkono, siku moja itachubuka na laivu iguse chuma. Kama athi iko, stima inapata njia ya kurudi, inapita nyingi kwa ghafla na fyuzi inakatika, wewe unaona tu pasi imekufa unakasirika. Kama athi haiko, hakuna kitu kinatokea. Pasi inaendelea kupata moto kama kawaida na chuma yote iko na volti 240, inangoja mtu aiguse, na huyo mtu ni wewe ama mtoto, miguu mitupu kwa simiti imetoka kupigwa deki. Na usiniambie fyuzi itakuokoa. Fyuzi ya 13 inangoja zaidi ya ampia 13 ndio ikatike, na sehemu ya kumi ya ampia moja ikipita kifuani inatosha kuharibu mapigo ya moyo. Bila athi fyuzi inalinda waya, hailindi mtu.

Huyo jirani wa mwenye duka pengine anatumia TV na chaji peke yake. Hizo hazihitaji athi, angalia nyuma utaona alama ya mraba ndani ya mraba, zimetengenezwa hivyo. Pasi na birika ya chuma ni maneno mengine kabisa.

Halafu hiyo kebo bapa, mara nyingi unene wake ni milimita mraba 0.75 ama hata chini, na 0.75 mwisho wake ni kama ampia 6. Birika ya wati 2000 peke yake inavuta zaidi ya 8. Nunua kebo ya mviringo iko na waya tatu ndani, kahawia, bluu, na kijani yenye manjano, saizi 1.5, na mwambie akukatie uone ncha, kuna zingine ni aluminiamu imepakwa shaba juu, ukikwaruza na kisu unaona nyeupe. Soketi kuwa nne haiongezi stima, zote zinapita kwa plagi moja ya ampia 13, ambayo ni wati 3120. Birika ya 2000 na pasi ya 1200 pamoja ushapita, na fyuzi haikatiki saa hiyo hiyo ukizidisha kidogo, inaweza kukaa hivyo muda mrefu plagi ikichemka polepole. Moja moja. Hata afadhali birika iende ukutani moja kwa moja, na ekstensheni usiitumie ikiwa imeviringishwa, joto halitoki.

Sasa hapa ndio nataka wote mnaopanga mnisikize. Soketi ya ukuta kuwa na mashimo matatu si kusema athi imefika. Ploti nyingi hilo shimo la juu halijaungwa na kitu, liko tu la kufungulia yale mengine, ndio maana watu wanasukuma kalamu hapo kuingiza plagi ya miguu miwili. Testa ya bisibisi haitakuambia, hiyo inaonyesha laivu tu.

Na kuna wale wanaojiita mafundi, mwenye nyumba akilalamika athi haiko, wanafungua soketi wanaweka kawaya kutoka N hadi E, testa ya soketi inaonyesha taa zote sawa, wanalipwa wanaenda. Hiyo ni mbaya kuliko kukosa athi! Nyutro ikilegea mahali popote huko nyuma, na kwa ploti za maungio mengi inalegea, stima inapita ndani ya birika yako inarudi kwa mwili wa birika kupitia hako kawaya. Birika haina kasoro hata moja na inakurusha. Na kama laivu na nyutro ziligeuzwa, chuma ina stima dakika unachomeka.

Kwa hivyo kabla hata uunge hiyo ekstensheni, mwambie keateka alete fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, na mashine ya kupima athi yenyewe, afungue na hiyo soketi ya sebule. Akipata kawaya ka N na E akatoe, na pasi isichomekwe hapo mpaka athi ya kweli ivutwe kutoka kwa meni switchi, na hapo hapo uliza kama wanaweza kuweka RCD, swichi inayokata stima ikivuja, ya miliampia 30.