Kwa wewe unayeanza kujitolea chekechea: niliyojifunza Tandale

Siku yako ya kwanza fika saa moja asubuhi, watoto wakiwa bado njiani, na uanzie jikoni. Mwamkie mama mpishi, muulize uji wa leo una nini, kisha ushike mwiko kama atakubali. Nimejitolea miaka miwili katika chekechea moja ya Tandale, Dar es Salaam. Wazazi wengi pale ni mama ntilie, waokota makopo na akina mama wanaopata vibarua vya kupepeta nafaka sokoni. Mengi niliyoyajua kuhusu watoto wao niliyasikia jikoni kabla sijayaona darasani. Mama mpishi ndiye aliyeniambia kuwa Jumatatu sufuria huisha mapema kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu wapo wanaokula mlo mmoja tu Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo Jumatatu usikimbilie kuandika. Wanywe kwanza, anayetaka kuongezewa aongezewe, ndipo mwimbe na kuruka.

Na uji wenyewe uujue. Unga wa lishe ni mahindi, soya, karanga, pengine na ulezi. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu hushika sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Msamaria mwema akileta gunia, shukuruni, halafu kaeni kwenye mkeka mchambue. Karanga iliyokunjamana au yenye ukungu itupwe, hata kama inauma kutupa chakula mahali penye njaa. Saa nzima ya kuchambua karanga ni kujitolea kamili, sawa na saa nzima ya kufundisha.

Masika ya mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na mtoto wa kiume, miaka minne, aliyesinzia kila tulipoanza somo. Nilimwamsha. Nikamsimamisha mbele, nikamwimbisha. Siku ya tatu alisinzia wima, kikombe kikamponyoka, uji ukawamwagikia wenzake miguuni. Mchana dada yake wa darasa la tatu alipokuja kumchukua, nikamuuliza kama nyumbani wanachelewa kulala. Akanijibu taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa: "Maji yakiingia hatulali, ticha. Tunakaa juu ya meza mpaka yapungue." Kwao ni kandokando ya Mto Ng'ombe. Siku tatu nzima nilikuwa nikimwadhibu mtoto kwa sababu ya mvua.

Kesho yake nilimtandikia kanga kwenye kona, nikamwacha alale mpaka saa nne. Alipoamka alijenga mnara wa makopo mrefu kuliko wa wenzake wote, na hakuna aliyelazimika kumhimiza. Tangu hapo, nikimwona mtoto mkaidi, mzito au anayepiga wenzake, natafuta kwanza kujua amelala wapi na amekula nini. Mambo hayo namuuliza mtu mzima, faraghani. Mtoto mwenyewe simuulizi mbele ya wenzake.

Kuhusu kufundisha, ushauri wangu ni mmoja: penseli isubiri. Wengi wetu tunakuja na hamu ya kuona watoto wa miaka mitatu wakiandika a, e, i, o, u, na wazazi nao wanatusukuma maana wanataka kuona daftari limejaa. Lakini vidole vya umri ule bado ni laini. Vinahitaji kufinyanga, kuchambua maharage, kupachika vizibo vya soda kwenye kamba. Nilipendekeza tukande unga wa ngano na chumvi wauchezee. Mama mmoja aliyekuwa akimsubiri mwanawe akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hapa unga hatuuchezei." Alikuwa na haki. Tulitafuta udongo wa mfinyanzi, ukatufaa mwaka mzima. Na tumia Kiswahili, lugha wanayoiotea ndoto. Kuna watoto waliokaririshwa herufi za Kiingereza pamoja na matunda ambayo hawajawahi kuyaona, wakati embe limejaa genge la jirani.

Utakuta watoto ni wengi. Mwongozo wa serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa darasa la awali. Sisi tulikuwa wawili kwa zaidi ya 60. Usijaribu kuwakalisha wote kimya. Kundi moja likae nawe mkekani, jingine liwe nje na mchanga, jingine linawe mikono kwenye kibuyu chirizi, kile kidumu cha maji kinachoinamishwa kwa kamba, na kunawa huko ukuhesabu kuwa somo kamili maana kutachukua muda.

Sasa mambo ambayo hayana mjadala. Usibaki na mtoto peke yenu mlango ukiwa umefungwa, iwe darasani au chooni. Mtoto akijichafua, na hutokea kila siku, msafishe bila kumsema, mwenzako akiwa karibu. Ukiona alama za kipigo au mtoto akisema neno la kukutia hofu, usimhoji kama polisi na usimfuate mzazi kwa hasira. Andika maneno yake vilevile alivyoyasema, weka tarehe, mpe mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa, kwa hiyo ukiona kimya, nenda serikali ya mtaa au kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure kupiga.

Picha pia. Mgeni mmoja alimpiga picha binti aliyevaa gauni lililochanika, akairusha mtandaoni na maneno ya kuomba msaada. Mama yake aliiona kwenye simu ya jirani. Hakuja kugombana. Alimwondoa tu mtoto, hakumrudisha tena, na mimi bado namkumbuka binti yule kila nikiona gauni la njano.

Lililonichukua muda mrefu zaidi kujifunza ni kuondoka. Mwaka wa kwanza niliitwa kwenye mitihani ya chuo, nikatoweka wiki mbili bila kuwaaga, nikidhani wadogo vile hawatahisi. Niliporudi walinikimbilia, isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa akikaa ubavuni kwangu kila siku. Alinipa mkono wa kunisalimia, akaenda kukaa mbali. Mwalimu mwenzangu akaniambia kuwa siku zote zile alikuwa akisimama getini na mkoba wake mpaka kengele igongwe. Wiki nzima ilipita kabla hajarudi kukaa karibu nami.

Nilipokaribia kumaliza mwaka wa pili, tulitunga vizibo ishirini kwenye kamba, tukaitundika ukutani. Niliwaambia wazi kuwa vikiisha, mwalimu anaondoka. Kila asubuhi mtoto mmoja alichomoa kizibo na wote wakahesabu vilivyobaki. Wengine waliuliza kama tunaweza kuongeza. Nikawaambia hapana, nikawaeleza nani atakuja baada yangu, na wiki ya mwisho huyo mpya akawa anakaa nasi mkekani ili wamzoee nikiwa bado nipo. Msichana yule ndiye aliyechomoa cha mwisho. Alikishika mpaka muda wa kwenda nyumbani, akaondoka nacho.

Nawe ukifika, sema tarehe yako ya kuondoka mapema, kwa mwalimu mkuu na kwa watoto, na uitimize. Kama unaweza siku mbili tu kwa wiki, zichague na usizibadilishe. Jumanne na Alhamisi za uhakika zinawafaa kuliko ahadi ya kila siku. Na uwe na daftari: nani hanywi uji wenye karanga kwa sababu unamvimbisha midomo, nani anamwogopa mtu mwenye sauti kubwa, nani huchukuliwa na bibi na si mtu mwingine. Ukimaliza muda wako, liache kwa mwalimu mkuu. Usiondoke nalo.