Mchora Katuni Mbele ya Skrini: Majibu kwa Wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka kwa watumiaji wa kawaida wa simu na kompyuta, na kwa wanafunzi wachache wa usanifu. Nimeyafupisha bila kuyaharibu.

Swali: Kwa nini programu za siku hizi zinafanana mno, hata nikifungua moja nadhani nimefungua nyingine?

Miaka michache tu kabla ya mwaka 2012, skrini zilijaa vitufe vinavyong'aa, rafu za mbao na madaftari yenye mshono wa ngozi. Microsoft ilipotoa Windows 8 mwaka 2012, na Apple ikafuata na iOS 7, mfumo wa simu zake, mwaka 2013, mapambo hayo yalifagiliwa karibu yote, yakabaki maumbo bapa, rangi zisizo na kivuli na maandishi. Ubapa ulikuwa na faida ya kikazi, kwa kuwa umbo lisilo na madoido hunyooshwa kwa urahisi likaenea kwenye skrini ya simu na ya kompyuta vilevile. Zaidi ya hayo, kampuni nyingi hujenga programu zao kwa vipengele vilivyokwisha kutayarishwa, kama vile vya Material Design, mfumo wa usanifu ambao Google iliutoa mwaka 2014, kwa hiyo kufanana ni jambo la kutarajiwa.

Mimi sina ugomvi na ubapa, maana katuni imekuwa bapa tangu zamani. Ugomvi wangu ni juu ya namna ya kupunguza. Mchora katuni anapomchora mtu mashuhuri huacha mashavu, masikio, pengine hata pua, lakini kile kimoja kinachomtambulisha mtu huyo, kiwe kidevu au miwani, hukikuza kupita kiasi ili msomaji asikose kumjua. Wasanifu wengi wa skrini wamejifunza nusu ya kwanza tu ya kazi hiyo: wamepunguza, na hawakukuza chochote. Kivuli kilichokuwa chini ya kitufe hakikuwa pambo tupu, kwani ndicho kilichomwonyesha mtumiaji mahali pa kubonyeza. Kilipoondolewa bila kuwekewa mbadala, kitufe na neno la kawaida vikawa pacha, na mtumiaji akaachwa abahatishe.

Swali: Mwalimu wangu wa usanifu anasema ikoni nzuri haihitaji maandishi. Unakubaliana naye?

Nakubaliana naye kwa ikoni chache sana. Susan Kare, aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alikuwa na mraba wa pikseli (nukta zinazounda picha ya skrini) 32 kwa 32, weusi na weupe peke yake, na michoro yake ya awali aliifanya kwa kujaza vijumba vya karatasi ya grafu. Humo ndimo alimotoa ile kompyuta inayotabasamu mashine inapowaka, ambayo kwangu ni katuni kamili: macho mawili, pua, mdomo, na mtumiaji anajua kwamba mambo ni salama.

Lakini uso unaotabasamu haufundishwi, ilhali ikoni nyingi hufundishwa. Mistari mitatu ya menyu, ambayo Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, haifanani na kitu chochote duniani, tumeizoea tu. Picha ya diski ya flopi nayo inaendelea kumaanisha kuhifadhi, hata kwa vijana ambao hawajawahi kuishika flopi yenyewe. Mwonyeshe ikoni yako mtu asiyeijua programu, kisha umuulize itafanya nini akiibonyeza. Akisita, iandikie neno chini yake, na mwalimu atakusamehe.

Swali: Je, ni macho yangu, au maandishi ya tovuti yamefifia?

Sijayapima macho yako, ila kijivu hafifu juu ya nyeupe ni ugonjwa wa mitindo. Mwongozo wa kimataifa wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa 3 kwa 1. Kila mchoro wangu wa rangi huugeuza kwanza kuwa mweusi na mweupe: ukisomeka hivyo, rangi zitausaidia, usiposomeka, rangi hazitauokoa, hasa kwa wale wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Swali: Kuna haja ya kuanza na karatasi ilhali kishikwambi kinafanya yote?

Ipo, kwa sababu karatasi haikuzwi. Kwenye kishikwambi utavuta jicho la mhusika lijaze skrini, utachora kope moja moja, na picha ikirudi katika ukubwa wake hakuna atakayeziona. Vilevile amri ya kutendua humfanya mwanafunzi aurudie mstari mmoja mpaka uchangamfu wake utoke. Mimi huanza kwa penseli, katika ukubwa ule ule utakaochapishwa, kisha wino na rangi huzitia kwa kalamu ya kidijitali.

Swali: Akili unde itatunyang'anya kazi?

Baadhi ya kazi imekwisha kuzichukua, hasa picha za kujazia nafasi ambazo mteja hakujali zimechorwa na nani. Katuni ya maoni ni jambo jingine, kwa sababu anayeichora anasimamia anachokisema na anaweza kuulizwa. Kinachonikera ni mashine kufundishwa kwa michoro ya watu bila ridhaa yao, jambo lililowafanya baadhi ya wachoraji nchini Marekani kufungua kesi mahakamani mwaka 2023. Kwa hilo mchoraji ana haki ya kulalamika, hata kama mwenyewe anaitumia teknolojia hiyo.

Swali: Nembo yangu inavurugika ikikuzwa. Nifanyeje?

Umepewa faili la pikseli, pengine JPEG. Mwombe msanifu wako faili la vekta, kama SVG, ambalo huhifadhi maumbo kwa hesabu na hukuzwa bila kuchakaa. Akikuletea JPEG ile ile iliyofungashwa ndani ya SVG, kama wengine wafanyavyo, itavurugika vilevile; mdai aichore upya.